James Peters, mweusi wa kwanza England aliyeachwa nje wageni walipokuja

DESEMBA 8, 1906, timu ya raga ya England ilitoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini katika uwanja wa Crystal Palace, London. James Peters hakuwamo kikosini. Machi ya mwaka huo alikuwa amecheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, England ikaifunga Scotland 9-3 ugenini, na siku chache baadaye akafunga trai dhidi ya Ufaransa jijini Paris.

Kilichotokea katikati kinajulikana. Oktoba, wageni hao, wote weupe, walifika Plymouth kucheza na jimbo la Devon. Walipogundua kuwa mmoja wa wapinzani wao ni mweusi, waligoma kuingia uwanjani. Ikabidi wabembelezwe huku umati ukisubiri, na mwishowe wakacheza. Wateuzi wa England hawakutaka kurudia mtihani huo.

Kukataliwa hakukuwa kugeni kwa Peters. Alizaliwa Salford mwaka 1879, baba Mjamaika, mama Mwingereza. Baba yake alikuwa mtu wa sarakasi, na inasimuliwa kuwa aliuawa na simba ndani ya tundu la mazoezi. Mtoto akakabidhiwa kwa sarakasi nyingine apande farasi, akavunjika mkono, wakamtelekeza. Makao ya yatima London ndiyo yaliyomwokota, yakampa ufundi na michezo.

Alipojiunga na Bristol mwaka 1900, kiongozi mmoja wa klabu alijiuzulu kupinga mweusi kupangwa. Peters alihamia Plymouth, akafanya kazi ya useremala katika karakana ya meli na kucheza nafasi ya kugawa mipira kwa mabeki, nafasi ya mtu mwenye kichwa, si mbio tu.

Aliichezea England mechi tano, ya mwisho dhidi ya Wales mwaka 1908. Baadaye ajali kazini ilimkata vidole vitatu, na bado akaendelea kucheza. Mwaka 1912 akafungiwa kwa kupokea fedha, kosa kubwa katika raga ya ridhaa, japo kwa seremala mwenye mkono wa vidole viwili ni vigumu kuona dhambi yenyewe. Akaenda kaskazini kwenye raga ya kulipwa, Barrow kisha St Helens.

Alifariki Plymouth mwaka 1954. England haikumpanga mweusi mwingine hadi Chris Oti, mwaka 1988.