Kadi ya Ukumbusho wa Ndoa

Siku ya arusi haisahauliwi. Jamaa hukusanyika, ngoma hulia, Padri hubariki pete mbele ya altare. Lakini mwaka ukizunguka na siku ile ile ikirudi, ni nyumba ngapi zinazoikumbuka? Mume huenda kazini, mke huenda shambani, jioni wanakula na kulala. Siku imepita kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe mlango.

Ukiwauliza sababu, wengi watajibu: “Hatuna fedha ya karamu.” Jibu hilo lina ukweli, wala hatuwacheki wanaolitoa. Lakini ukumbusho na karamu ni mambo mawili. Mume anaweza kuwanywesha rafiki zake wote, na mkewe asisikie neno moja la shukrani. Naye mwenye mfuko mtupu anaweza kumpa mkewe kitu kitakachotunzwa miaka mingi: kadi aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Wengine husema: “Tungoje yubilei ya miaka 25.” Tuwatazame watakatifu Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Walikuwa watu wa kazi za mikono katika mji wa Alençon, Ufaransa: mume fundi wa saa, mke fundi wa lesi. Walifunga ndoa usiku wa manane, kati ya tarehe 12 na 13 Julai 1858. Zélie alifariki mwaka 1877; yubilei hawakuifikia. Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu, wawili pamoja, tarehe 18 Oktoba 2015. Watakatifu wengi huadhimishwa siku waliyokufa. Hawa huadhimishwa tarehe 12 Julai, kwa kukumbuka ndoa yao.

Basi, tushike kazi. Twaa karatasi ngumu, urefu sentimeta 30, upana sentimeta 20, uikunje katikati. Nenda mgombani ukachukue maganda makavu yanayoning’inia katika shina. Chagua rangi mbalimbali: ya manjano hafifu, ya kahawia, na yaliyo karibu meusi. Yafute vumbi, uyanyoshe, uyalaze chini ya vitabu vizito siku mbili. Yasiwe na unyevu, maana kadi itaota ukungu.

Gundi ni rahisi. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi, hata madonge yaishe. Pika kwa moto mdogo, ukikoroga daima, mpaka uwe uji mzito unaong’aa. Uache upoe.

Chora picha kwa kalamu ya risasi: kanisa mlimofungia ndoa, au nyumba yenu, au mitungi sita ya arusi ya Kana. Kata maganda kwa makasi kwa kufuata picha, uyabandike kwa gundi kidogo, kwa maana gundi nyingi hukunja karatasi. Kisha lalisha kadi chini ya ubao na jiwe usiku mzima. Watoto wanaweza kusaidia, nao watafurahi.

Lakini maneno ya ndani usimwachie mtoto wala mwalimu. Usinakili sifa tamu zinazomfaa mke wa mtu yeyote. Andika tarehe ya ndoa yenu, na jina mnaloitana nyumbani. Halafu andika jambo moja la kweli mnalolijua ninyi wawili: usiku ule mtoto alipougua, naye akambeba mgongoni mpaka zahanati, au siku ile ya kukimbia vita, alipoacha vyombo vyote akachukua nguo za watoto na cheti cha ndoa. Mshukuru kwa jambo hilo. Na kama kuna kosa ulilomkosea ambalo hujaliombea msamaha, liombee hapo, kwa maneno machache, bila kujitetea. Neno lililokishinda kinywa mwaka mzima, pengine mkono utaliweza.

Mkeo hajui kusoma? Msomee mwenyewe, polepole, wageni wasipokuwapo. Mumeo yu mbali machimboni? Mtumie kadi kwa mkono wa mtu mwaminifu. Ujumbe wa simu ni mwema, lakini simu ikiharibika, ujumbe hupotea nayo.

Siku ikifika, nendeni Misa pamoja mkiweza, mkamwombe Padri baraka. Kanisa lina sala maalumu kwa mume na mke wanaokumbuka ndoa yao. Kisha wekeni kadi pamoja na cheti cha ndoa. Siku moja watoto wenu wataikuta, nao watajua jinsi baba na mama walivyopendana, na jinsi walivyosameheana.

Wasomaji wapenzi, ulizaneni jioni ya leo: ndoa yetu ilifungwa tarehe gani?