Kalemie: Batri ya jeep ikikufia njiani, mara nyingi kosa lilianzia dukani

Dereva wa jeep anasimama kwenye barabara ya Kalemie kwenda Nyunzu ili abiria wapumzike. Anazima injini. Dakika kumi baadaye anageuza ufunguo na kusikia mlio mmoja tu: tak. Batri imekufa. Abiria wanashuka kusukuma kwenye matope. Mvua ikinyesha, gari lingine linaweza kupita kesho tu. Kama ndani kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali, hiyo si hasara ya pesa tena.

Katika Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, batri ni kitu cha kutoka mbali. Nyingine zinavuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma, Tanzania, nyingine zinatoka upande wa Lubumbashi. Safari ni ndefu, bei inapanda, na batri inazeeka njiani na dukani kabla ya kuuzwa. Ndiyo maana mwenye gari anaweza kulipa dola nyingi kwa batri ambayo imekwisha kupoteza nguvu. Kuchagua vizuri hakuhitaji kusoma ufundi. Kunahitaji subira ya nusu saa na kifaa kidogo cha kupimia umeme, ambacho fundi yeyote wa magari anacho.

Kwanza, je, ni batri kweli?

Watu wengi wananunua batri mpya, na baada ya wiki tatu nayo inakufa. Sababu: ugonjwa haukuwa kwenye batri. Huenda mkanda umelegea, waya umeoza, au altaneta, yaani kifaa kinachochaji batri injini ikizunguka, imechoka.

Kipimo ni rahisi. Acha gari lipumzike usiku mzima, kisha pima batri asubuhi kabla ya kuwasha. Batri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2, imebaki na karibu nusu. Chini ya 12 ni karibu tupu. Sasa washa injini. Namba inapaswa kupanda kati ya 13.8 na 14.5. Kama haipandi, batri haipati chakula, na kununua mpya ni kutupa pesa. Kama inapita 15, altaneta inaichoma batri, na itachoma pia hiyo mpya. Tengeneza kwanza kilichoharibika.

Safisha pia vichwa vya batri. Ule unga mweupe au wa kijani unaojikusanya pale unazuia umeme kupita, hata kama batri yenyewe ni nzima.

Soma namba, usisome rangi

Batri ya zamani usiiache nyumbani. Ibebe mpaka dukani ulinganishe. Mpya lazima iingie vizuri kwenye kikao chake, na vichwa vya chanya na hasi viwe upande uleule, kwani ukigeuza nyaya unaweza kuunguza altaneta mara moja.

Kwenye batri za mtindo wa Japani, zinazoingia kwenye jeep nyingi za Toyota, utaona maandishi kama 105D31R. Namba ya kwanza inaonyesha nguvu yake. Herufi D ni kipimo cha kasha. 31 ni urefu kwa sentimita. R au L ya mwisho inaonyesha upande wa vichwa. Kwenye batri za mtindo wa Ulaya utasoma ampea-saa, kwa mfano 100 Ah, na nguvu ya kuwashia kwa ampea. Usishuke chini ya kile mtengenezaji wa gari alichoweka. Injini ya dizeli ni nzito kuzungusha, na batri ndogo itachoka haraka.

Lakini usidanganywe na namba kubwa ya kuwashia. Kipimo hicho hufanywa kwenye baridi ya digrii 18 chini ya sifuri, baridi ambayo Kalemie haijui. Adui wetu hapa ni joto na mashimo ya barabara.

Angalia pia kama jeep yako ni ya volti 24. Baadhi ya jeep za zamani za dizeli zina batri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Hizo hubadilishwa zote mbili pamoja, za aina moja na umri mmoja. Ukiunganisha mpya na nzee, nzee itaiua mpya.

Tarehe na volti dukani

Swali la kwanza kwa mwuzaji lisiwe bei. Liwe hili: batri hii ilitengenezwa lini? Tarehe hugongwa kwenye kasha au kwenye kichwa cha risasi. Kampuni nyingine hutumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari, B Februari, kisha namba ya mwaka. Batri yenye asidi ndani inajimaliza yenyewe polepole hata ikiwa kwenye rafu, na kwenye joto inajimaliza haraka zaidi. Iliyokaa zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa ni ya kuogopa.

Omba ipimwe mbele yako. Ikionyesha chini ya 12.4, iache, au idai ichajiwe na kupimwa tena siku ya pili. Kuna pia batri zinazouzwa bila asidi, ambayo hutiwa siku ya kununua. Kwa mji wa mbali kama Kalemie hizo zina faida, kwa sababu hazizeeki haraka dukani. Ila zichajiwe polepole kabla ya kufungwa kwenye gari.

Aina gani inafaa barabara zetu?

Wataalamu wana kanuni moja: joto la batri likiongezeka kwa digrii 10, uhai wake unapungua karibu nusu. Na kila shimo linatikisa sahani za risasi zilizo ndani, unga wake unaanguka chini, mwisho sahani zinagusana. Kwa hiyo tafuta batri yenye sahani nene. Ukilinganisha mbili za ukubwa mmoja, ile nzito zaidi kwa kawaida ina risasi nyingi zaidi.

Batri ya kufungua na kuongeza maji ni chaguo zuri, mradi mtu aikague kila mwezi. Inaongezwa maji ya distile tu. Maji ya ziwa Tanganyika yana madini mengi ambayo yanaharibu sahani, hata kama yanaonekana safi. Batri iliyofungwa ya aina ya AGM inavumilia mitikisiko vizuri na haimwagi asidi, lakini ni ghali, na altaneta ikizidisha volti itakauka bila dawa.

Jihadhari pia na batri ya sola. Imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo usiku mzima, si kuzungusha injini kwa sekunde tatu. Na ya gari ukiipeleka kwenye sola itakufa mapema.

Kwa wenye moto na quad, kanuni ni zilezile, ila batri zao ni ndogo na hazisamehi. Ya AGM ndiyo inayofaa zaidi kwa mitikisiko yao.

Rahisi inaweza kuwa ghali

Tuchukue mfano. Batri ya dola 80 inayodumu miezi 10 inakula dola 8 kwa mwezi. Ya dola 150 inayodumu miezi 30 inakula dola 5. Na hapo hatujahesabu siku za kulala njiani. Dai karatasi ya garantii yenye tarehe na mhuri, na ukifika nyumbani ifunge kwa nguvu kwenye kikao. Batri inayochezacheza haifikishi mwaka.

Ile ya zamani usiiyeyushe

Batri iliyokufa bado ina kilo nyingi za risasi na asidi. Kuiyeyusha nyuma ya nyumba, hata kwa ajili ya uzito wa nyavu, ni kuwalisha watoto sumu: risasi inaharibu ubongo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kilitia sumu mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Pesa hizo haziwarudishii watoto afya yao.

Basi irudishe nzima kwa mwuzaji, na umwombe akupunguzie bei ya mpya. Kisha, kabla ya kushika njia ya Nyunzu, Moba au Bendera, pima volti asubuhi. Ni kazi ya dakika moja, na fundi yuko karibu. Kule porini hayuko.