Kabla Hujamlaumu Mtoto, Pima Shingo ya Gitaa

Jumapili moja ya Januari nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta gitaa la besi la mwanangu limefungwa ndani ya mfuko wake na kuegemezwa mlangoni, kama mzigo unaosubiri teksi.

"Mama, liuze tu," aliniambia kwa Kiingereza. "Vidole vyangu ni vidogo. Siwezi."

Ana miaka 13. Nilimshika mkono wa kushoto nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, na kimoja kilikuwa na lengelenge. Bendi ya shule yao ilikuwa na onyesho mwezi wa Machi, na yeye ndiye mpiga besi peke yake. Gitaa lenyewe tulilinunua kwa mtu, limetumika, kwa pauni 90.

Mimi ni muuguzi. Diploma niliipata nyumbani Tanzania, shahada nikaisoma hapa Uingereza, na kote huko hakuna aliyenifundisha gitaa. Lakini nilifundishwa kwamba mtu akilalamika maumivu, usianze kwa kumwambia avumilie. Kwa miezi minne nilikuwa nikimwambia mwanangu hivyo hivyo: vumilia, vidole vitazoea.

Niliuliza dukani bei ya kulirekebisha. Wakataka pauni 65. Mwezi huo nilikuwa nimeshatuma ada ya shule nyumbani, kwa hiyo nikachukua bisibisi.

Nilikoanza vibaya

Nyuzi zilikuwa juu mno, hilo hata mimi niliona. Kwenye daraja, yaani kile chuma cha chini ambapo nyuzi zinashikwa, kila uzi unakalia kitako kidogo chenye skrubu mbili za kukipandisha na kukishusha. Nikashusha vyote vinne. Nyuzi zikashuka, nikajisifu.

Furaha haikudumu. Mwanangu alipopiga noti za karibu na mwili wa gitaa, nyuzi zililia zzz kama nzi ndani ya chupa. Alipobonyeza katikati ya shingo, bado zilikuwa juu na ngumu. Nilikuwa nimeharibu upande mmoja bila kuponya wa pili.

Ndipo nikampigia kaka yangu aliyeko Tanga. Kaka alipiga besi katika bendi za hoteli kwa miaka mingi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Umegusa wapi?"

"Darajani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mgonjwa anaumwa mgongo, wewe umempa dawa ya kichwa. Rudisha hizo skrubu. Kisha niitie mwanangu, tuangalie shingo."

Shingo ndiyo ya kwanza

Gitaa la besi la umeme la aina hii lilianza kuuzwa na Leo Fender kule California mwaka 1951. Aliliita Precision kwa sababu ya freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Freti humsaidia mpigaji kupata noti sahihi, tofauti na besi kubwa la kusimama lisilo na alama. Gitaa la mwanangu ni la mtindo huo: nyuzi nne, E, A, D na G, zenye urefu wa sentimita 86 hivi kutoka kichwani hadi darajani.

Nyuzi hizo nne zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Mbao peke yake haiwezi kushindana na mzigo huo siku zote, ndiyo maana ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayovuta upande wa pili. Mbao pia hunywa unyevu na kuupoteza. Nyumba zetu za huku huwashwa joto majira yote ya baridi, hewa inakauka, na shingo inasogea. Ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo mwezi wa Januari, utahisi ncha za freti zinakwaruza, kwa sababu mbao imesinyaa na chuma hakijasinyaa.

Kaka alimwelekeza mwanangu kwa video. Kwanza tuliweka nyuzi mpya na kuzipandisha hadi sauti yake sahihi kwa kutumia programu ya simu, maana kupima kwa nyuzi zilizolegea ni sawa na kupima presha mkanda ukiwa wazi. Kisha mwanangu akabonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na mwili. Uzi uliobanwa hivyo ni rula iliyonyooka. Mimi nikatazama mwanya kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8.

Mwanya unaofaa ni kama milimita 0.3, unene wa kadi nene ya karatasi. Mafundi magari wana fila, zile bati nyembamba za kupimia mwanya, na ndizo bora. Sisi tulitumia kadi ya benki, ambayo ina unene wa milimita 0.76. Ikapita chini ya uzi bila kugusa kitu.

"Basi," kaka akasema. "Shingo imepinda kama upinde. Mtoto alikuwa anabonyeza waya wa kuanikia nguo."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Robo, kisha subiri

Fimbo ya shingo hukazwa kwa kile kispana chenye umbo la herufi L, kichwani au chini ya shingo. Kwa magitaa mengi, kuzungusha kufuata mwendo wa saa kunanyoosha shingo. Kinyume chake kunairuhusu kupinda.

"Mjomba, nikaze?" mwanangu aliuliza. Kaka hasemi naye Kiingereza, na kabla ya siku hiyo mazungumzo yao yalikuwa shikamoo, mzima, haya kwaheri.

"Kaza robo. Robo ya mzunguko, usizidishe."

"Robo ni nini?"

"Gawa chapati mara nne, kula kipande kimoja."

Akakaza robo. Tukarudisha sauti ya nyuzi, tukapima. Kadi bado ilipita. Kaka akatuambia tuache mpaka kesho, kwa sababu mbao haitii amri papo hapo. Jumatatu robo nyingine, Jumanne kidogo tu, na kadi ya benki ikaanza kuinua uzi. Kadi ya karatasi ikapita kwa kugusa. Tukaishia hapo.

Kispana kikigoma, usilazimishe. Fimbo ikikatika ndani ya shingo, gharama yake inaweza kuzidi bei ya gitaa.

Yanayofuata, kwa mpangilio

Shingo ikishakaa sawa, ndipo unapogusa daraja. Pima kwenye freti ya 17, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, bila kubonyeza popote. Milimita 2 hadi 2.5 ni pazuri kwa mwanafunzi, uzi mnene ukiwa juu kidogo kuliko mwembamba. Yetu ilikuwa imefika karibu 4 kabla sijaanza kushusha ovyo.

Halafu hakikisha noti haziongopi kadiri unavyopanda shingo. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, utoe ile sauti ya kengele. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo na upige tena. Programu ya simu ioneshe noti ile ile. Noti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kitako cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila ukisogeza, rekebisha sauti ya uzi upya.

Mwisho ni pikapu. Si gari, ni vile visanduku vyenye sumaku chini ya nyuzi vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme. Bonyeza freti ya mwisho na uache kama milimita 3 kati ya uzi na sumaku. Pikapu ikikaribia sana, sumaku huuvuta uzi na sauti inayumba.

Kulibadilisha kidogo

Baada ya matengenezo, mwanangu alitaka sauti ya zamani, nzito na fupi, kama ya rekodi za Motown za Detroit. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyingi ya rekodi hizo, alitumia nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe badala ya waya wa mviringo. Ni laini kwa vidole na hazikwaruzi. Zina bei, kwa hiyo nikamwahidi za siku ya kuzaliwa. Kwa sasa tulikata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kipya na kikavu, tukakichomeka chini ya nyuzi karibu na daraja. Hakikugharimu senti, na kikichosha unakitoa. Ukibadilisha aina ya nyuzi, rudia vipimo vyote tangu shingo, maana mvuto wake si ule ule.

Ziko kazi ambazo hatukuzigusa. Freti zilizolika, mifereji ya nyuzi kule kichwani, na waya uliochomoka ndani unaotaka kuchomewa kwa risasi, hizo mpelekee fundi. Ukifika ukiwa na vipimo vyako kwenye karatasi, utamweleza tatizo, na hutalipia usichohitaji.

Onyesho la Machi lilinikuta kazini. Nililitazama kwenye simu saa nane usiku, katika mapumziko ya chai, nikiwa nimeshusha sauti. Alikosea mara mbili nilizozitambua. Hakuacha kupiga.

Joto la nyumbani tulilizima Mei. Juni mwanangu alipima tena peke yake, akakuta mwanya umebadilika, akapiga picha ya kadi chini ya uzi na kumtumia mjomba wake. Kisha akamrekodia sauti, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mjomba, shikamoo. Nalegeza au nakaza?"

Jibu likaja baada ya swala ya Ijumaa: "Marahaba, mjomba. Robo. Kisha subiri."