Chembe Ziendeshwazo na Mkojo na Saratani ya Kibofu Mkoani Simiyu

Mkulima wa pamba wa Bariadi aonapo damu katika mkojo wake, mara nyingi hashtuki. Tangu utotoni, alipokuwa akinywesha ng'ombe na kuoga malamboni, amewaona wenzake wakikojoa damu, na wazee wakasema kuwa hicho ni kichocho tu. Mazoea hayo yana hatari yake, kwa sababu damu ile ile yaweza kuwa, miongo kadhaa baadaye, dalili ya saratani ya kibofu.

Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo wadogo waishio katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua mjini Cairo mwaka 1851. Watoto wa minyoo hao hukulia ndani ya konokono wa jamii ya Bulinus, ambao katika nyanda za Simiyu huishi kwenye malambo na madimbwi ya msimu. Maji yakikauka, hujizika topeni wakingoja mvua. Mayai ya minyoo, yenye mwiba nchani, hukwama katika ukuta wa kibofu. Ukuta huo hujeruhiwa na kujiponya tena na tena kwa miaka mingi, hata seli zake zikaacha utaratibu wake wa kuzaliana. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo huyu miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu.

Wagonjwa wa Simiyu hupelekwa Mwanza, katika Hospitali ya Bugando. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia habari za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu katika hospitali hiyo. Zaidi ya nusu walikuwa na aina iitwayo saratani ya seli bapa, na kwa wagonjwa 83 yalionekana mayai ya kichocho. Kwa wengi wa hao 83 uvimbe ulikuwa umekwisha kupenya hadi kwenye misuli ya kibofu. Msomaji na alishike jambo hilo, kwani litarudiwa hapa chini.

Saratani ya kibofu ambayo haijapenya ndani huweza kutibiwa kwa kutia dawa kibofuni kwa mpira mwembamba. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba dawa hukaa tu ndani ya mkojo, kiasi kidogo kikaufikia uvimbe, na kilichobaki kikatoka mgonjwa aendapo haja. Wataalamu wa Barcelona, Hispania, walitafuta namna ya kuifanya dawa ijiendee yenyewe. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2024.

Walitengeneza vichembe vya silika, madini yaliyo katika mchanga wa kawaida, vyenye upana wa nanomita mia chache tu. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Yai la kichocho, lisiloonekana bila darubini, lina urefu wa nanomita 140,000 hivi. Juu ya vichembe hivyo walibandika kimeng'enya kiitwacho yurezi, ambacho huvunja yurea na kuigeuza kuwa amonia na hewa ya ukaa. Mvunjo huo hutoa msukumo. Yurea ni sehemu ya kawaida ya mkojo. Basi mkojo wenyewe huwa ndio mafuta ya chombo, na chombo hakina haja ya kubeba akiba.

Katika panya waliopandikizwa saratani ya kibofu, vichembe hivyo viliwekewa kwanza alama ya mnururisho ili vipigwe picha vikiwa mwilini, na ikaonekana kuwa mkusanyiko wake kwenye uvimbe uliongezeka mara nane. Kisha vilibebeshwa iodini-131, na uvimbe ukapungua kwa asilimia 90 hivi.

Iodini hiyo si ngeni katika tiba. Saul Hertz alianza kutumia iodini yenye mnururisho kwa wagonjwa wa tezi ya shingo huko Boston mwaka 1941, na katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iodini-131 hutumika kutibu saratani ya tezi hiyo. Hutoa mionzi ya namna mbili: mmoja hupita mwilini na kunaswa na mashine ya picha, mwingine huunguza seli zilizo karibu. Tezi ya shingo huivuta iodini yenyewe. Kibofu hakifanyi hivyo, na ndiyo sababu chombo cha kuibeba kinahitajika.

Kibofu kina faida nyingine isiyosemwa mara nyingi. Vichembe vya namna hii vikidungwa katika damu, ini na bandama hunasa sehemu kubwa; mapitio ya majaribio mengi, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ndiyo hufika kwenye uvimbe. Kibofu ni mfuko wenye mlango wake, na dawa huingizwa humo bila kupitia damu.

Hata hivyo, uvimbe wa panya wale haukutokana na kichocho wala haukuwa wa seli bapa. Mionzi inayounguza ya iodini-131 haivuki milimita 2 hivi katika nyama, ilhali mgonjwa anayefika Bugando mara nyingi ana uvimbe ulioingia misulini, katika ukuta uliokakamaa kwa makovu na mayai yaliyogeuka chokaa. Kwa mgonjwa huyo upasuaji hauna mbadala katika chombo hiki. Anayeweza kufaidika ni yule ambaye damu yake ilichunguzwa mapema, pasipo kuambiwa kuwa ni kichocho tu, na uvimbe wake ukaonekana ungali juu juu.

Liko pia jambo la choo, ambalo wapangaji wa hospitali hawana budi kulifikiria kabla ya yote. Mgonjwa atakayetiwa iodini kibofuni ataitoa kwa mkojo. Nguvu ya iodini-131 hupungua kwa nusu kila siku 8. Kwa hiyo mkojo wake utapaswa kuhifadhiwa katika matangi maalumu kwa majuma kadhaa, chini ya uangalizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki, ndipo umwagwe.