Tela jipya: uliza uzito kabla ya jina

Mkulima wa Kasulu au Kibondo akienda kununua tela la trekta, huuliza kwanza ni la kampuni gani. Jina humsaidia kupata vipuri, mlimani halimsaidii. Tela lenye uzito wa tani 1, likipakiwa magunia 30 ya mahindi ya kilo 100, ni tani 4 za kuvutwa. Kwenye mteremko, tela lisilo na breki zake hulisukuma trekta kwa nyuma, na juu ya magunia, kama tujuavyo, wamepanda watu!

Tela la magurudumu mawili huegemeza sehemu ya mzigo kwenye trekta, matairi yakashika tope vizuri. Ila mzigo ukirundikwa nyuma, trekta huwa jepesi na kuteleza. Mwambie muuzaji akuonyeshe breki.