Makaburi ya Mawe Ndani ya Kreta

Watalii wanaoondoka Arusha alfajiri kwenda Ngorongoro huwa na hamu ya kuona faru na simba. Ni wachache wanaojua kwamba chini kwenye kreta, katikati ya nyasi, yapo malundo ya mawe yaliyopangwa na watu.

Ni makaburi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa Kijerumani Hans Reck aliyachimba, na mwaka 1941 akafuata mwanaakiolojia Mary Leakey. Ndani mlikutwa mifupa ya binadamu, shanga na bakuli zilizochongwa kwa mawe. Waliozikwa humo walikuwa wafugaji wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, zama ambazo Wamaasai walikuwa bado hawajafika nyanda hizo.

Desturi ya kuwainulia wafu vilima ni ya dunia nzima. Huko Ayalandi, kilima cha Newgrange kilijengwa yapata mwaka 3200 KK, na kila Desemba jua la asubuhi hupenya hadi chumba chake cha ndani. Kila mwaka watu humiminika kukiona.

Makaburi ya kwetu nayo yanastahili heshima hiyo. Ukishuka kreta, mwombe kiongozi wako akusimulie habari zake, wala usiondoe hata jiwe moja.