Mto Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo hunijia kila nisimamapo kwenye daraja la Archer's Post, kaskazini mwa mji wa Isiolo, nikiyatazama maji ya Ewaso Ng'iro yaliyokolea udongo. Mto huu huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Laikipia, kisha huingia nyanda kame za Isiolo na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Kwa mfugaji wa Merti, hiyo ni mali isiyo na kifani. Je, daftari lake li wapi?

Daftari lipo, ila halijakamilika. Kwa miongo mingi kimo cha maji kimekuwa kikipimwa hapo Archer's Post. Vipimo hivyo ndivyo vilivyofichua kwamba mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kikali, mto uliokuwa ukipitisha wastani wa mita 9 hivi za ujazo kwa sekunde katika miaka ya 1960 ulikuwa umepungua hadi karibu mita 1 katika miaka ya 1990. Bila tarakimu hizo, mlalamikaji wa bondeni angeambiwa kwamba ni ukame tu. Kumbe maji mengi yalikuwa yakichotwa huko juu kunyunyizia mashamba.

Hata hivyo, kimo hakisemi kama maji ni salama. Usafi wa maji hutaka chupa, maabara na safari za mara kwa mara. Sheria hazikukosekana. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta mamlaka ya kusimamia rasilimali za maji, kanuni za ubora wa maji zikafuata mwaka 2006, na mwaka 2016 sheria mpya ikatungwa. Vyama vya watumiaji wa maji navyo vimewaketisha pamoja watu wa juu na wa chini ya mto.

Lakini tusidanganyike. Sampuli moja ni sawa na kumtahini mwanafunzi kwa swali moja. Wakati wa kiangazi maji hupungua na uchafu hukolea. Mvua za kwanza nazo husomba kinyesi cha mifugo, udongo na mabaki ya mbolea. Anayepima siku moja kwa mwaka atapata jibu la siku hiyo tu.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Shule iliyo karibu na mto yaweza kuteua siku moja kila wiki, saa ile ile na mahali pale pale, chini ya uangalizi wa mwalimu. Waandike kimo, joto, rangi na harufu ya maji, pamoja na wadudu waishio chini ya mawe, kwani baadhi yao hutoweka maji yachafukapo. Atakayesema kwamba watoto hawawezi kushika nafasi ya maabara amesema kweli. Kazi yao si kuthibitisha sumu, bali kuona badiliko mapema ili mwenye maabara aitwe kabla ya mama wa Merti kumnywesha mwanawe.

Ndugu mwalimu, daftari la kurasa mia si ghali. Ghali ni kulianza baada ya mali kwisha.